Siku Niliyombebesha Sunny Spika

Kaptembwa, Nakuru
20 Aprili 2008

Kwako ndugu yangu Kiptanui,

Pokea salamu zangu, wewe na mama watoto. Mimi niko imara, meno yangu yote iko, na barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikuomba mtu. Goti lako limepoa? Na ile ng'ombe ya kupiga teke imezaa?

Nimepata ujumbe wako kwamba kwa harusi ya binti yetu Chepngeno nisimame mbele ya wazee, niseme vile niliokoa jirani yangu Peterson mwezi wa kwanza, wakati wa fujo za uchaguzi. Nitakujibu hapo chini. Kwanza nikuambie nimeona nini jana.

Unajua mimi ndiye mkubwa wa geti pale kwa hall. Hakuna mtu hupita kama sijataka. Jana kulikuwa na mkutano wa amani, na watu walikuwa wanangojea Sunny, yule wa kurap ambaye vijana wanamlilia kwa redio. Asubuhi akakuja kijana Muhindi, kofia imeangalia nyuma. Nikajua huyu ni fundi wa stima. Nikamwambia amechelewa, abebe spika haraka. Akasema sawa mzee, akabeba zote nne, jasho ikimtoka, na mimi namfokea asigonge ukuta.

Kiptanui, huyo ndiye alikuwa Sunny! Alipopanda jukwaani wasichana walipiga nduru mpaka masikio yangu ikaziba.

Halafu akazimisha muziki. Akasema mzee wa geti amemdhania fundi. Watu wakacheka, wengine wakanigeukia wakiniita boss wa spika, na mimi nikajua kazi imeisha. Lakini akasema hana kinyongo. Nyumbani kwao, akasema, kulikuwa na kikombe cha bati kikikaa dirishani peke yake, cha wafanyakazi weusi, na nyanya yake Bhagwanti hakutaka kiguse vyombo vingine. Yeye alikua akikiona na hakuuliza. Hiyo kikombe mimi naijua. Nimejengea Wahindi miaka kumi na mbili, hakuna ukuta wangu umepasuka, na chai nilipewa kwa bati. Sikujua ndani kuna mtoto ananiangalia.

Akaendelea. Akasema mwezi wa kwanza, Joash, mtu wa duka lao, alipigwa hapo nje ya mlango, na yeye mwenye nyimbo za ujasiri alijificha stoo nyuma ya simiti, akilia. Joash sasa anatembea kwa magongo. Akasema mtu anayesikilizwa na wengi akinyamaza, anafundisha wengi kunyamaza. Machozi ilimtoka mbele ya watu elfu moja, na hakuna hata mmoja alicheka. Mimi nimeona marais wakipita hii barabara, nimeona majenerali. Mwanaume mkubwa namna hiyo sijawahi kuona.

Sasa jibu lako. Ndugu yangu, sikumwokoa Peterson. Ile habari ya panga yangu na vijana kumi wakikimbia nilitunga. Alasiri ile alikuja kwa mlango wangu, akagonga, akaniita jina mara tatu. Mimi nilikuwa ndani, nimeshika komeo kwa mikono miwili isilie. Alitoroka mwenyewe kwa ua la nyuma. Nyumba yake ikachomwa.

Leo baada ya kanisa nilimfuata Peterson kambini, kwa wale waliochomewa nyumba. Nilimkuta nje ya hema anashona kiatu cha mtu. Nikasema yote, nimesimama. Hakuinua kichwa. Akasema alijua, kwa sababu alinisikia nikikohoa. Akavuta uzi, akaukata kwa meno, kisha akaniuliza kama nimekula.

Kwa hivyo harusini nitakuja, na nitasimama, lakini nitasema hii. Ukitaka kunizuia jaribu, unanijua.

Nisalimie Chepngeno na wote wa boma. Mungu awashike.

Ni mimi kaka yako mkubwa,
Micah arap Kibii