Mashine ya Mkate na Kitanda cha Baba Mdogo

Jumamosi, 4 Mei

Leo nimeenda na mama kuchagua mashine ya mkate. Nimechagua mimi! Mama alishika ile ndogo nyeupe, nikamwambia hiyo ni ya mtu na mchumba wake, sisi mchana haufiki mkate umeisha. Muuza duka akaanza kutuhubiria: ile kubwa ina programu chungu nzima. Nikamuuliza, ina ya kumfukuza mgeni? Mama akanifinya kiunoni. Lakini alicheka, nilimwona.

Tumechukua ya kati, yenye kioo juu. Ukiinama unaona unga unavyozungushwa.

Mgeni mwenyewe ni baba mdogo. Bekari yao ilipofungwa alikuja kwetu kukaa "kidogo". Wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Huyu alijipa mwenyewe: kila alfajiri anakanda unga. Paa! paa! paa! mezani, na kukohoa juu yake. Kichwa changu kiko upande wa pili wa ukuta, kwenye kochi la sebuleni. Kwa nini kochi? Kwa sababu chumbani kwangu analala yeye!

Sasa mashine ikikanda, yeye atakuwa na kazi gani hapa? Hesabu hiyo hata mimi niliyeachia shule njiani naiweza.

Jumapili, 5 Mei

Balaa. Kitabu cha maelezo kina lugha sita na zote zimenishinda, ila nilikunja uso kama daktari anayesoma cheti. Mama akaamini. Maji, unga, sukari, chumvi, hamira — nikabonyeza. Ikalia. Ikavuma. Tukasubiri... limetoka tofali! Chini unga mkavu, juu uji ulioungua.

Baba mdogo alicheka mpaka kikohozi kikamkaba. "Profesa," anasema — ndivyo anavyoniita, mshenzi — "hili usitupe, tutajengea choo." Akaliweka kwenye sahani yangu, na kisu pembeni, na chumvi. Mimi nikacheka pia, kwa meno tu.

Baadaye nikaliona kosa ndani ya boksi. Kuna kichuma kidogo kama sikio la mbuzi. Unakichomeka ndani ya chombo, chini kabisa, ndicho kinachokanda. Nilikisahau! Nikakitia mfukoni, sikumwambia mtu.

Jumanne, 7 Mei

Mkate! Umevimba, umesimama, mgongo kahawia. Nimeupeleka mezani kwa mikono miwili kama kombe la ligi. Mama akala kipande, akaongeza, akaongeza tena, kisha akasema kwa sauti ya kupenya ukuta: "Huu angalau haujakoholewa."

Loo! Hata mimi sikuwa nimefika huko.

Baba mdogo alikuwa mlangoni, mikono imejaa unga. Alirudi jikoni polepole. Paa-paa hazikuendelea.

Alhamisi, 9 Mei

Kakanda tena. Kichwa kigumu! Mkate wake tukauacha palepale, tukala wa mashine. Naye akala wa mashine — hapo ndipo patamu — maana mama alishamkatia na kumsogezea. Ule wake mama kawamomonyolea kuku wa jirani, mwenyewe anatazama.

"Shemeji, unga hauanguki na mvua," mama kamwambia.

"Sawa, shemeji."

Basi. Mtu aliyekuwa akinitukana kwa mafungu na vina, leo maneno mawili. Nikamchokoza: kuku wakianza kukohoa tutajua aliyewaambukiza. Akaenda kuosha sinia la unga. Utani wa upande mmoja hauna ladha, niseme kweli.

Ijumaa, 10 Mei

Kesho wenzake mama wa kiwanda cha kushona wanakuja kunywa chai. Mama kawatambia mashine wiki nzima.

Mchana baba mdogo kanifuata jikoni, kafunga mlango. "Mwanangu," anasema. Si Profesa — mwanangu! "Nionyeshe hiki kitu kinavyotumika. Kesho mkate niutengeneze mimi. Mama yako aone bado nafaa." Na kavaa miwani yake, ile iliyofungwa uzi sikioni.

Nikamwonyesha. Maji, unga, hamira mbali na chumvi, vyote sawasawa. Akagusa kile kichuma. Nikamwambia hicho ni cha kusafishia tu, kabla hujawasha unakitoa.

"Sasa inakandaje?"

"Kwa joto, baba mdogo. Umeme unausukuma unga wenyewe kwa wenyewe."

Akaniangalia. Juu ya miwani. "Kumbe mabega yangu yameumia bure miaka yote," akasema. Halafu akanishukuru! Akanishika kichwani kama mtoto mdogo.

Nilitoka nje nikacheka peke yangu. Deni la tofali limelipwa. Nilicheka sana tu.

Jumamosi, 11 Mei

Wageni wamejaa sebuleni, kochi langu lote limekaliwa. Mama akaibeba mashine mpaka mezani ili waone kwa macho yao. Akafunua.

Tofali la pili, uji juu.

Mmoja, mwenye wigi, akasema labda ni aina mpya. Wengine wakazamisha nyuso kwenye vikombe, mabega yanacheza. Mama kageuka. "Nani kagusa?"

Baba mdogo akatoa kichuma mfukoni mwa shati. Alikuwa amekifunga kwenye kitambaa safi, kisipotee. "Nilikitoa," akasema, "kwa sababu..." Akanitazama. Mimi nikawa napanga vijiko. Sijawahi kupanga vijiko maishani mwangu.

"Nimekosea, shemeji," akamalizia. "Uzee."

Uzee! Mtu ambaye mvi zenyewe hazijatosha kuitwa mvi.

Wageni walipotoka, mama akampigia baba huko aliko kazini. Baba kasema: fanya unavyoona. Mdogo wake mwenyewe! Kwa hiyo anakwenda kwa shangazi, kuna nafasi stoo, kando ya magunia. Kesho mume wa shangazi anakuja kumchukua na pikapu.

Nimeshinda! Nimeingia chumbani kupima kwa hatua. Kitanda nitakigeuza, kichwa kikae dirishani. Baba mdogo alikuwa amekaa humo wakati napima. Akaninyanyulia miguu nipite.

Jumapili, 12 Mei

Pikapu imefika. Mume wa shangazi yuko nje anapiga honi, hata chai hataki. Mama kaniambia: "Nenda kamwambie atoke. Si wewe ndiye mwenye mdomo?"

Nikaenda. Amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni, begi kati ya magoti. Shati kalipiga pasi.

"Baba mdogo," nikasema, "mama anasema..."

"Anasemaje?"

Nikakohoa. Eti mimi ndiye niliyekohoa.

"Sema, mwanangu. Mama yako ana haki, kwake ni kwake. Lakini neno lenyewe nataka nilisikie kwako. Ukilitamka tu, nanyanyuka."

Neno moja. Toka! Mbwa wa mtaa mzima wananijua kwa neno hilo. Leo halikutoka. Nikageuka, nikaja kukaa kwenye kochi, nikashika kalamu kama mtu mwenye shughuli zake.

Honi tena. Ndefu.

Mama anaita kutoka jikoni: "Umemwambia?"

"Nimemwambia, mama!"

"Kasemaje?"

Mlango wa chumba uko wazi. Kutoka hapa namwona kuanzia magotini kwenda chini, basi. Begi amelisogeza pembeni kwa mguu. Sasa mikono yake imeshuka, imefika kwenye kamba za viatu. Nilidhani anazikaza.

Anazifungua.