Mchimbaji Niliyemtoa Duarani

Jumapili, 11 Januari
Hili sijamwambia mtu. Kuna mwandishi ninamchukia. Hadithi yake fupi iko kwenye kitabu alichoniazima mwalimu wangu wa Kiswahili nilipomaliza kidato cha nne. Mchimbaji anashuka duarani, shimo lile refu la dhahabu. Mwanawe anampikia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga. Duara linaporomoka. Michembe inapoa jikoni. Basi. Nimelia, mama akadhani ni moshi.

Baba yangu naye anachimba dhahabu, huko Nyarugusu. Yuko nyumbani mpaka Jumatano. Huyo mwandishi anajua kuandika. Ndiyo maana namchukia.

Jumatatu, 12 Januari
Mwalimu aliniazima na kitabu cha mashairi. Hicho nakipenda. Kuna moja la mwanamke anayemsuka bintiye. Halina vina. Nilivyolisoma, nilihisi vidole vya mama kichwani. Nimemsomea baba.

"Mayu, hilo ni shairi au mtu anaongea?" Mayu ni mama kwa kilugha chetu; ndivyo anavyoniita.

Nikasema ndiyo mashairi ya siku hizi.

"Basi hata mama yako mshairi."

"Baba Nyanjige, nimekusikia!" Mama huyo, toka jikoni.

Nampenda baba akiwa nyumbani.

Jumanne, 13 Januari
Anaondoka kesho. Begi liko mlangoni. Leo ameona picha ya shimo kwenye jalada la kile kitabu cha hadithi. "Hiyo ya duara. Nisomee."

Kwetu mchimbaji anayesafiri hatajiwi duara kuporomoka. Ni mkosi. Nilishindwa kukataa. Nikasoma, nikasoma, udongo ukaanza kudondoka. Mama akaacha kukunja nguo.

Nikamtoa yule mtu kwa maneno yangu mwenyewe, macho yangali kitabuni. Alipanda kamba, akala michembe ingali ya moto, akalalamika chumvi imezidi. Baba alicheka mpaka akakohoa. Mama akarudi kwenye nguo zake.

Mimi nani wa kugusa hadithi ya mtu? Lakini nisingeweza kumwacha chini.

Jumamosi, 17 Januari
Baba amepiga simu. Mzima. Amewasimulia wenzake hadithi, wakauliza kaandika nani.

"Nikasema mwisho ni wa binti yangu. Uliacha kugeuza kurasa, mayu. Nilikuona."

Aibu. Furaha pia.

Nimeufungua tena ukurasa ule. Mchimbaji bado yuko chini. Simchukii tena mwandishi. Labda naye ana baba.

Wewe utakayesoma hapa, nakuomba, mama asijue. Yeye anaamini yule mtu alitoka, akala, akashiba. Mwache aamini.