Wifi Anasingiziwa Uchafu, Nami Najua Kilichomo Ndani ya Mpira

Mshauri mpendwa, shikamoo, na unisamehe mapema kama barua hii itakuwa ndefu, maana mimi nikianza kueleza huwa sijui breki iko wapi, lakini naomba unisaidie kabla mwezi haujaisha, kwa sababu mwezi ukiisha wifi yangu anaondoka, na anakokwenda si pa kwenda mtu.

Mimi ni mkamwana katika nyumba ya wafugaji, niliolewa hapa mwaka juzi, nyumba nzima inaishi kwa maziwa, na mkuu wa kila kitu ni mama mkwe, ambaye majirani wanamwita Mama Kung'aa kwa sababu sufuria zake unaweza kujitazamia nywele, kwake hata mkia wa ng'ombe unaoshwa kwa sabuni, na mtu akiingia bandani na viatu vya njiani anarudishwa mlangoni hata akiwa daktari wa mifugo. Nampenda mama huyu na namwogopa, vyote kwa pamoja.

Mwaka jana mume wangu alileta mashine ya kukamua, ile yenye vikombe vinne vinavyovaa chuchu za ng'ombe na mipira mirefu inayopeleka maziwa kwenye mtungi, na kazi hiyo akapewa wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye alirudi nyumbani akimkimbia mumewe, na alirudi na jino pungufu, sitaki kuandika zaidi ya hapo. Alikuwa hacheki alipokuja, mshauri, lakini ile mashine ilimpa uhai, akaanza kuimba bandani, akawapa ng'ombe majina ya utani, kuna mmoja alimwita Mwenyekiti kwa sababu haendi mahali mpaka abembelezwe.

Sasa amri ya kuosha ile mashine aliitoa mama mwenyewe, kwamba ng'ombe wa mwisho akishakamuliwa tu, hapo hapo maji yanayochemka na sabuni yavutwe yapite ndani kote, vikombe mpaka mtungi. "Mdudu gani atapona kwenye maji yanayotokota?" alisema, na ukweli ndivyo alivyoosha ndoo zake tangu ujana wake na hajawahi kurudishiwa maziwa hata siku moja. Wifi akafuata neno kwa neno, mimi nilikuwa namwona, mvuke mpaka hauoni mtu.

Basi kituo cha maziwa kikaanza kuturudishia, mpokeaji akiyapima anatikisa kichwa, anasema haya yana vijidudu kupita kiasi, siku nyingine yakichemshwa yanakatika pale pale, na kwa mama mkwe kurudishiwa maziwa mbele za watu ni sawa na kuvuliwa nguo. Akatafuta mchawi, akampata binti yake wa kumzaa. "Ni mikono yako, mwanangu, ni mikono yako! Huko ulikotoka umezoea uchafu." Wifi akavuliwa aproni, nikavishwa mimi.

Mshauri, mimi nina ugonjwa mmoja, nikiona kitu kimefungwa lazima nijue ndani kuna nini, utotoni nilishawahi kufungua kitasa cha mlango wa mbele nione kinavyofanya kazi, tukalala mlango umeegemezwa meza. Sasa mpira mmoja wa mashine ulipasuka, mume wangu akaweka mpya na ule wa zamani akautupa nyuma ya banda, nikauokota, nikauchana kwa kisu cha jikoni kama anayepasua samaki. Nje ulikuwa unang'aa kama kila kitu cha nyumba hii. Ndani, jamani, ukoko! Ukoko wa njano, umeng'ang'ania kama wa uji chini ya sufuria, nikaukwangua kwa ukucha, nikanusa, nikajuta kwa nini nimenusa.

Nikajiuliza ukoko umepitia mlango gani katika nyumba ya Mama Kung'aa, usingizi ukaanza kunipaa, basi nikachukua kipande cha mpira mpya kilichobaki, nikakikata viwili, vyote nikavichovya kwenye maziwa, kimoja nikakimwagia maji yanayochemka kama amri inavyosema, kingine nikakipitishia kwanza maji ya uvuguvugu ndipo ya moto, nikawa narudia hivyo kila nikipata nafasi, navificha nyuma ya pipa la unga. Cha uvuguvugu ukikichungulia kwenye mwanga ndani bado kinang'aa, na cha maji ya moto kimeanza kufanya ukungu, ukipitisha kidole kinateleza. Nilifurahi kama mtoto, nikaruka jikoni peke yangu, kumbe ni yale maji ya moto, yanayapika maziwa humo humo kabla hayajatoka!

Nikaanza mchezo wangu, vile vikombe nikavisugua kwa brashi, mipira mingine ya zamani nikaisafisha ndani kwa kitambaa nilichokivuta kwa kamba, na sasa kila nikimaliza kukamua, wakati birika la mama bado liko jikoni, mimi nimeshapitisha maji ya uvuguvugu mpaka yanatoka safi, yeye akija na ya kwake anakuta mashine imenyamaza, anapitisha, anaridhika. Na maziwa yamekubaliwa, mshauri! Hayajarudi hata tone.

Ndipo mama akasema mezani, sote tumekaa, "Mnaona? Nimembadilisha mtu, na siku chache tu maziwa yameacha kurudi. Mkamwana ana mkono msafi." Nikaona aibu, na Mungu anisamehe, nikafurahi kidogo, maana tangu niolewe hajawahi kunisifu hata kwa chai. Wifi akaweka kijiko chini, akasema taratibu, "Basi mimi nitarudi kwangu." Kwangu maana yake ni kwa yule mwanaume. Mama akaendelea kula.

Nimemwambia mume wangu habari ya ule mpira, akasema ya mama na bintiye nisiyaingilie nitaungua. Nikisema, mama mkwe ataaibika katika kitu pekee anachojivunia, na ataona nimemzunguka nyumbani kwake. Nikinyamaza, wifi anaondoka. Nifanye nini? Na kuna swali jingine, tafadhali usinicheke, kwa nini maji ya moto yalifaa kwenye ndoo miaka yote ile yakashindwa kwenye mpira? Linaninyima raha kabisa.

Ni mimi, Mkamwana Mdadisi.

*

Mkamwana, marahaba. Nilicheka ulipofika pa kunusa, kisha nikafika kwa wifi yako, kicheko kikanikauka.

Nianze na swali lako la mwisho, ndilo jepesi, na nikiri kwamba hata mimi lilinikaa kichwani. Sijui ng'ombe, kwa hiyo nilimpigia fundi anayefunga mashine hizi nikamweleza bila kumtaja mtu. Akasema umepatia. Maziwa ni kama yai, yakikutana na moto mkali ghafla yanajishika palepale yalipo. Kwa hiyo maji ya uvuguvugu yatangulie, yabebe maziwa yaliyobaki mpaka yatoke bila weupe. Ndipo yaje ya moto na sabuni ya mashine, yazunguke, na yamwagwe yangali moto, kwa sababu yakipoa humo ndani uchafu unarudi kukaa. Kisha suuza, na vikombe vitundikwe vichuruzike. Ukoko uliokwisha kujishika unatolewa na dawa ya tindikali, kwa siku yake, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Usiichanganye na sabuni katika beseni moja hata siku moja, mtavuta hewa ya sumu. Udadisi wako usifike huko, tafadhali.

Na ndoo? Fundi aliniuliza, "Ndoo alikuwa anaisugua kwa nini?" Nikasema bila shaka kwa mkono na brashi. "Basi jibu ndilo hilo." Ukoko ulikuwa unaanza hata kwenye ndoo, ila mkono wa mama mkwe wako ulikuwa unaingia na kuung'oa kila siku. Kwenye mpira mkono hauingii. Mama huyo hajakosa akili wala usafi. Ameamini maji yake, hakujua kumbe sifa zote zilikuwa za mkono wake. Hilo ukimwambia vizuri ni sifa, na wewe unaliogopa kama tusi.

Haya, tuje kwako, na hapa sitakubembeleza. Unaniandikia kana kwamba umenyamaza tu. Mwenzangu, hujanyamaza! Siku wifi yako alipovuliwa aproni, mama yake alikuwa na shaka. Ukaingia wewe, ukabadilisha maji kwa siri, maziwa yakapona papo hapo. Sasa mama hana shaka tena, ana ushahidi, na umemtengenezea wewe kwa mikono yako iliyosifiwa. Kila mtungi unaopokelewa kule kituoni unamhukumu wifi yako upya. Ulipasua mpira ukachunguza ndani, ukachovya vipande, ukapima mwanga, na hili lililo mezani kwako hukuliona?

Na wifi mwenyewe kakosa nini? Kamtii mama yake neno kwa neno. Angekuwa mkaidi kama wewe, leo yeye ndiye angesifiwa.

Unaogopa mama mkwe ataaibika. Ataaibika, ndiyo. Atanuna, atagonga sufuria, pengine atakunyima salamu. Hayo yanapita. Wifi yako akirudi kule alikopotezea jino, huko sijui nini kitapita na nini hakitapita, na wewe hujui. Usiyaweke haya mawili kwenye mizani moja.

Kwa hiyo sikiliza. Anza na wifi, leo hii, kabla ya mama na kabla ya mume. Mpelekee ule mpira, aushike, auone, umwambie, "Si mikono yako." Umwambie pia tangu lini unajua, na umwombe radhi bila kujieleza sana. Mtu aliyepigwa na mumewe akaja kuitwa mchafu na mama yake anafika mahali anaamini hivyo, na ni kwa imani hiyo anarudi kwa mumewe. Mwambie asifunge safari hata kama mama yake atakataa kuelewa. Kama kwenu pamekuwa padogo, atafutiwe kwingine, kwa yule mwanaume pasihesabiwe.

Kisha mama mkwe. Umkute jikoni peke yake akichemsha maji yake, kamwe usiende kusema mezani mbele ya watu. Mpe mpira, umwambie, "Mama, nimeona kitu, naomba macho yako." Hakuna jicho la usafi katika nyumba hiyo kama lake, ataona kabla hujamaliza sentensi. Maji yake ya moto hayafukuzwi, mwambie hivyo, yanapewa zamu ya pili tu. Halafu ukiri kwamba umekuwa ukitanguliza uvuguvugu kwa siri. Sehemu hiyo ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo usiyoruhusiwa kuiruka. Ukiiruka, mpira utakuwa hadithi ya mpira, na mikono ya wifi yako itabaki michafu.

Ukishasema, vua hiyo aproni. Wifi akamue, aoshe kwa utaratibu mpya, mama akiwa amesimama pale anaangalia, na maziwa ya mikono yake yaende kituoni yapimwe kama ya watu wote. Mama yake hatahitaji mahubiri yako baada ya hapo. Akitaka kuomba radhi ataomba, akishindwa kwa mdomo atamwekea nyama kubwa, wazazi wengine ndivyo walivyo.

Na mume wako, yule anayeogopa kuungua, mwambie aliyeko motoni ni dada yake. Maneno ya kumwambia yule mwanaume kwamba dada harudi ni kazi yake yeye kama kaka, na ayaseme akiwa na wazee wa pande zote mbili, si kwa ujumbe wa simu.

Najua zile sifa za mezani zilikuwa tamu. Ulizisubiri tangu uolewe, sikulaumu kwa kuzionja. Ila zililipiwa na mtu mwingine, na bei yake ni kubwa kuliko ulivyodhani. Utapata nyingine, na mkamwana anayejua kufungua kitasa hakosi la kusifiwa.

Sasa usiniandikie kunishukuru. Weka gazeti chini ukamgongee wifi yako mlango, huenda muda huu anakunja nguo.