Shangazi Amelala Kitandani kwa Mama

S.L.P. 52,
Bariadi.
13 Agosti 1997

Mpendwa kaka Kasmiri,

Mwangaluka, mwana wa mama. Natumaini huko Morogoro mmeamka salama, kifua kimeacha kukusumbua na mwanao Joyness ameanza kutembea. Sisi tunapumua. Mama hajambo, ila magoti yanamsumbua asubuhi. Mume wangu Novatus anakusalimu kutoka shambani.

Pamba tumevuna nzuri. Siku hizi wanunuzi binafsi wanakuja na malori yao mpaka mlangoni, kila mmoja na mizani yake, na kila mmoja anaapa kuwa ya mwenzake ndiyo inayoiba. Tumechoka kuwasikiliza.

Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya pamba. Kaka, kaa chini kwanza. Shangazi Eufrasia anaishi hapa. Ndiyo, yule yule dada wa baba aliyetutoa Lalago mara tu baada ya mazishi ya baba, akabaki na nyumba na ng'ombe wote. Mwanawe Shigela amepata kazi kwa wanunuzi wa pamba, akaenda zake Mwanza. Nyuma yake shangazi akapooza upande mmoja. Majirani walipochoka kumhudumia wakamwombea nafasi kwenye lori, akashushwa hapa mlangoni kwa mama.

Mama hakuuliza hata swali. Alimlaza kitandani mwake, yeye akatandika mkeka chini. Nikamwambia, "Mama, si huyu aliyekufukuza?" Akajibu huku akipuliza moto, "Nilishachoka kumchukia, Bene. Kulima kunanitosha."

Sasa ungemwona mgonjwa mwenyewe. Leo uji mzito, kesho mwepesi, mboga ya nsansa haina karanga, shuka linanuka sabuni. Asante sijaisikia. Nikipita ananiita, nikifika amesahau alichotaka. Mama anacheka tu. Mimi meno yananiuma kwa kuyakaza.

Jumapili iliyopita mama alikwenda Misa ya kwanza, nikabaki ili niende ya pili. Nimeshavaa sare ya kwaya, shangazi akaita. Alikuwa amejichafua, kitanda kizima. Nilisimama mlangoni na hasira mpaka machozi yakanitoka. Kengele ya kanisa ikalia. Nikavua sare, nikabandika maji.

Nilimwogesha. Amekuwa mwepesi, Kaka, kama kuni kavu. Nilipomwinua nimwoshe mgongo aliegemeza kichwa begani kwangu, akasema polepole kwa ule mdomo uliopinda, "Una mikono ya mama yako. Sikustahili mikono hii." Kisha akalalamika kuwa maji ni ya moto.

Misa sikuiwahi. Padre Marcelo kila mara hutuhubiria kuwa Mungu yu pamoja nasi, nami siku zote namtafuta altareni, kwenye mishumaa. Asubuhi ile nilijua yumo chumbani kwetu, na kwamba yumo tangu mama alipotandika ule mkeka bila kuuliza kitu. Usidhani nilifurahi. Nilikuwa nimelowa, nina njaa, na shuka zinaningoja. Lakini nilijua.

Mama ameniagiza nikuandikie uje Krismasi. Naye shangazi ameuliza habari zako, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu. Najua uliapa hutakanyaga alipo yeye. Sikuambii usahau, maana mimi mwenyewe sijasahau. Nimekasirika hata sasa ninapoandika, maana ameshaniita mara mbili.

Msalimie wifi Veronica, umbusu Joyness kwa ajili yangu. Mzee Mahona jirani yetu anakukumbuka. Mungu awalinde mkiamka na mkilala, awape na mvua ya kutosha.

Hasira yangu bado ipo, Kaka, na kesho asubuhi nitamwogesha hivyo hivyo. Wewe njoo na yako, mlango wa mama unatosha.

Mdogo wako akupendaye hata akinuna,
Benedikta