Mguu Uliomstaafisha Babu

Tobin, nifiche huko kwenu. Nimemstaafisha babu yangu kwa mguu.

Alinipa risasi hamsini alizojaza baruti mwenyewe kwa ajili ya shindano la shabaha la Jumamosi hapa Miles City, nizipime kama zimenyooka. Unaizungusha risasi polepole kwenye kipimo chenye sindano, juu ya meza. Sindano ikitulia, imenyooka, ikitikisika, imepinda.

Ilitikisika kwa zote. Zote hamsini, Tobin.

Nikavua kofia, nikamwambia kama daktari: "Babu, mikono imezeeka." Mimi, mwenye D ya fizikia.

Hakubisha. Akampigia simu Mzee Lindqvist, hasimu wake wa shabaha wa miaka thelathini, akamwambia amejitoa.

Nikarudia kupima moja, muziki masikioni. Bibi akaingia na kikapu cha nguo. "We mtoto, mbona unaipiga meza mateke?"

Nikausimamisha mguu. Sindano ikatulia tuli.

Nilipomweleza Babu, akanipa simu. "Mwambie mwenyewe."

Nikamweleza Mzee Lindqvist yote.

"Kwa hiyo mikono ya babu yako Orrin ni mizima?"

"Mizima kabisa, mzee."

"Na wewe ungekaa kimya hadi Jumapili, ungepungukiwa na nini?"