Nilivyobisha Hodi Kwangu

Nyuma ya Msikiti,
Kitale.
Jumapili, mwezi wa saba.

Kwa mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti limeanza kukuheshimu sasa mvua zimepungua huko Bungoma. Sisi hapa hatujambo. Yakub anarefuka vibaya, suruali zake za shule zimekataa kabisa kufika kwenye viatu. Salman, baba yake, anakusalimu sana, anauliza kama bado unagombana na yule jogoo wa jirani.

Najua utashangaa kupata barua na simu ipo. Mama, simu yako haina siri. Ukiipokea tu unaiweka sauti ya juu, unailaza pale mezani, na mtaa mzima unanisikiliza. Mwezi uliopita nilikwambia nina mafua, akanijibu mwanamume nisiyemjua ati nichemshe tangawizi. Kwa hiyo nimeandika, na Nasir wa duka la viatu atakuletea akija huko kuchukua mali.

Uliniuliza mambo mawili. La kwanza, kikundi chetu cha kukusanya chakula kinaendeshwa vipi, maana wewe na wenzako mnataka kuanza chenu kabla ya mavuno. La pili, kama wewe, Bi Sharifo na wale mama wawili mnaweza kuja kulala kwangu siku chache mjionee wenyewe. Hili la pili umeniuliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikwambia tunapaka nyumba rangi. Mara ya pili nikasema choo cha ploti kimebomoka. Mara ya tatu nikasema barabara imechimbwa, nawe ukanijibu kwamba watu wa Kitale wanapita kila siku na hawajasikia habari hiyo. Kisha ukamwambia Nasir kwamba labda mwanao amekuwa mdosi, mtu wa pesa, anaona haya kutembelewa na mama yake. Maneno hayo yaliniuma, Mama. Nililia, halafu nikakasirika, halafu nikatafuta kalamu. Majibu yote mawili yako humu, lakini la pili halieleweki bila la kwanza, kwa hiyo univumilie.

Watu wa mbali hudhani Kitale hakuna njaa. Wakija wanaona malori ya mahindi tangu asubuhi, wanafikiri kila mtu hapa anakula hadi kusaza. Mahindi yanapita, ni kweli, lakini yanapita tu. Miezi hii ya kungoja mavuno, mtu wa kibarua anaweza kubeba magunia ya watu mchana kutwa na nyumbani kwake hakuna unga. Ndiyo maana sisi wa msikitini tuliungana na akina mama wa lile kanisa la ng'ambo ya barabara. Kila Jumamosi tunapita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba inatoa inachoweza: gorogoro ya mahindi, bakuli la maharagwe, hata glasi ya mchele. Kuna mama alitoa boga kubwa kumshinda mtoto aliyelibeba.

Mwenyekiti wetu ni Mzee Bethwel Mukhwana, mwalimu mstaafu kutoka Naitiri. Ni mtu mwema lakini anaongoza kikao cha watu sita kama baraza la mkoa. Mwenzangu mkubwa ni Jepkoech, anayeuza maziwa pale kona. Huyu hana maneno mengi. Unaweza kutembea naye kutoka mjini hadi mtoni ukidhani mmezungumza, kumbe wewe ndiye uliyekuwa ukizungumza.

Kosa letu la kwanza lilikuwa la picha. Mzee Bethwel alisema kazi isiyo na picha haionekani, tukafungasha vyakula katika magunia yenye jina la kikundi kwa herufi kubwa nyekundu, tukaenda na mpiga picha. Hakuna mlango uliofunguka. Nyumba moja tulisikia redio inazimwa na watu wanapumua kwa zamu. Tulirudi na magunia yetu, tukapigwa picha sisi wenyewe tukiwa tumenuna.

Basi nikaja na wazo, na kwa wazo hili nilijisifu wiki nzima. Nilisema, kwani sisi hatujui majirani hupelekeana vipi chakula? Chakula kinawekwa kwenye chombo kizuri, kinafunikwa kitambaa, mtu anabeba kama anayepeleka tu futari. Hakuna jina, hakuna gunia, na mpita njia hajui nani anampa nani. Kila mmoja wetu akaleta vyombo vyake. Fardosa, yule mke wa muuza mikeka, akatoa hata hotpoti yake ya harusi, ile yenye maua, na akaeleza historia yake mpaka tukaomba tuondoke.

Milango ilifunguka yote. Tulifurahi. Lakini Mama, wewe uliyenilea ungeona kosa langu kabla sijafika mwisho wa sentensi. Ni nani kwetu anayerudisha chombo cha mtu kikiwa kitupu? Juma lililofuata vyombo vilianza kurudi, na kila kimoja kimejaa. Parachichi, ndizi, sukuma wiki, miwa, mayai. Mwanamume mmoja ambaye tulimpelekea maharagwe alirudisha beseni likiwa na kuku hai amefungwa miguu, na alikuwa ndiye kuku wake wa pekee, tena anayetaga. Stoo ikajaa kuliko tulivyoanza. Mzee Bethwel akafurahi, akasema kikundi kimestawi. Jepkoech ndiye aliyemuuliza polepole kama lengo letu ni kuwanyang'anya maskini kuku.

Hotpoti ya Fardosa peke yake haikurudi. Ilikuwa kwa Bibi Chepkosgei, mzee mmoja aliyeteremka kutoka Kapsokwony kuwalea wajukuu. Kila tukipita kwake tunamwona anaingia ndani upesi na kufunga. Fardosa naye ana wageni Jumapili, anataka hotpoti yake, anatuambia tumempa mwizi. Mwishowe nilimvizia bibi pale bombani. Aliona haya, akanieleza kwamba hakuiba. Alikuwa amepanda mboga za managu nyuma ya nyumba, anangoja yakomae ili asirudishe chombo cha watu hivi hivi, lakini yanakua polepole na sisi tunapita haraka. Nilikaa pale juu ya mtungi wangu wa plastiki nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Mtu ana njaa, na kinachomnyima usingizi ni deni la managu.

Ndipo tukapanga upya, na haya uyaandike, Mama, maana ndiyo yatakayowafaa. Tunapeleka nafaka kavu kwenye kikapu. Tukifika tunaomba chombo cha mwenye nyumba, tunammiminia, tunaondoka na kikapu chetu. Hakuna cha kurudishwa. Shehe na mchungaji wanamnong'onezea Mzee Bethwel nyumba zenye shida, naye anamwambia mmoja tu kati ya wawili wanaokwenda. Yule wa pili hajui mpaka afike mlangoni. Hili la mwisho nililitaka mimi, kwa sababu watu walikuwa wakijadili nyumba za wenzao njia nzima. Nikaongeza kwamba mbebaji akishafika haruhusiwi kushangaa, kuuliza wala kurudi nyuma, hata akikuta ni nyumba ya adui yake. Wote walipiga makofi. Mzee Bethwel alisimama akasema, "Sisi tunapereka chakura, hatupereki macho." Nilifurahi sana kwa sababu nilijua kwamba maneno hayo ameyatoa kwangu.

Sasa nafika pale nilipokuwa nikikwepa.

Jumamosi moja mwezi uliopita nilipangwa pamoja na Jepkoech. Yeye ndiye aliyeijua nyumba, mimi nikabeba kikapu. Badala ya barabara alinipitisha njia ya nyuma, kando ya mfereji, kule kwenye nyua za misiprasi ambako sijawahi kupita kwa sababu kuna mbwa. Nami kama kawaida yangu nikawa nafundisha. Nilimwambia ashushe sauti tukifika, ingawa hakuwa amesema neno. Nilimwambia asichungulie jikoni. Nilimwambia watu wenye shida hujificha nyuma ya shati safi, na inafaa tuwe na jicho la kuwatambua. Yeye alisema tu eeh, eeh.

Tukaingia kwa kilango cha mabati, mimi macho chini nisijikwae na kikapu, tukapita kamba ya nguo. Niliona shuka ya maua kama yangu, nikafikiri, kumbe watu wa huku nao wana shuka hizi. Jepkoech akazunguka pembe ya nyumba, akasimama mbele ya mlango, akapiga hodi. Nilipoinua macho, Mama, ulikuwa mlango wangu.

Nilifungua mdomo. Jepkoech alikuwa akiangalia misiprasi kana kwamba hajawahi kuona miti. Nikakumbuka nilivyopigiwa makofi kwa zile sheria, nikafunga mdomo. Mlango ukafunguka, akatokea Salman, mume wangu. Alituangalia, akaangalia kikapu, akaniangalia mimi. Sijui ni nini kilimpa nguvu, lakini alisogea kando, akasema kwa adabu kabisa, "Karibuni, wageni."

Nikaitikia starehe. Ningefanya nini? Jepkoech akaomba chombo. Salman akaingia ndani, tukamsikia akifungua na kufunga, akiangusha sufuria, akihamisha vitu ambavyo havikumkosea. Alirudi mikono mitupu. Akakohoa, akauliza, bila kumtazama mtu yeyote, kama kuna anayejua beseni huwekwa wapi. Nami mgeni nikamjibu nikiwa palepale kizingitini kwamba liko nyuma ya mlango, chini ya jiko la makaa. Akalileta. Nikammiminia mahindi mume wangu katika beseni langu, akashukuru, nikasema ni ya Mungu, tukaaga, nikaondoka nyumbani kwangu.

Tulipofika kwenye mfereji nilimuuliza Jepkoech alijua tangu lini. Akasema, "Si wewe ndio ulisema mtu asiulize?" Kisha alinishika mkono mpaka tulipofika barabarani, na nililia njia nzima.

Ukweli ndio huo, Mama. Tangu kabla ya Ramadhani Salman hana kazi. Yule tajiri aliyekuwa akimwendeshea gari la mahindi aliliuza, akahama. Asubuhi Salman alikuwa akipiga pasi shati na kutoka ili majirani wasijue, akirudi anasema amekula huko. Nami nilikuwa nikimwambia nimekula kwa akina mama wa kikundi. Chakula kilikuwa cha Yakub. Kila Jumamosi nilikuwa nikibeba mahindi ya watu kichwani na tumbo linanguruma mpaka naimba kulifunika. Salman ndiye aliyekwenda kwa shehe, baada ya Ijumaa moja, bila kuniambia. Jioni ile nilimkasirikia kwa kunitangaza, naye akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema kwamba wageni wake walikuwa wazuri, ila yule mbebaji alikuwa na uso wa kutisha, wakati mwingine watume mwingine. Tulicheka hadi Yakub akaja kutuangalia. Tukapika, tukala wote watatu kwenye sinia moja, na ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu.

Kwa hiyo hakukuwa na rangi, choo kizima, na barabara ni ileile. Nilikuficha kwa sababu najua jinsi unavyonitaja huko Bungoma, Nafisa wangu wa Kitale, na sikutaka Bi Sharifo afunue sufuria zangu akute maji. Sikuona haya juu yako hata siku moja. Niliona haya wewe uone.

Sasa njooni. Mje wote wanne. Tafadhali usije umebeba magunia ili kunisitiri mbele yao. Waambie kabla hamjapanda gari kwamba nyumba mtakayolala ni moja ya zile nyumba, na kwamba mtakula mahindi yaliyotolewa na majirani. Kukusanya chakula nyote mnajua, mmekusanyia harusi na matanga tangu mkiwa wasichana. Kubisha hodi ndiko kugumu, na hakuna anayejua kubisha vizuri mpaka awe amesimama upande wa ndani. Wacha wabishe kwangu. Nitawafungulia mimi mwenyewe, niwaonyeshe jinsi mtu anavyopokea akiwa ameinua uso, na kama nitashindwa nikauangusha, wewe ndiye utakayekuwa umesimama mbele yangu.

Salman amepata vibarua kwa fundi wa matrela, si vya kila siku, ila ni mwanzo. Jumamosi zangu naendelea nazo, na sasa nafundisha kidogo kuliko zamani. Wape salamu Bi Sharifo na wenzake, na Baba mdogo akipita. Mungu akupe nguvu ya goti na subira ya kunisamehe.

Anayekungoja mlangoni,
mwanao,
Nafisa.