Uvimbe Upande Usio Wake

Newala, Jumapili. Ukungu tangu asubuhi, na baridi ya kipupwe inaingia hadi kwenye mifupa. Kesho nakwenda Masasi kupasuliwa uvimbe wa taya, upande wa kushoto. Daktari amesema mfupa wenyewe huenda ukakatwa, na sura ikabadilika.

Naogopa. Nimeshasema.

Ndiyo maana wiki nzima nimekuwa nikijichora. Mimi ni mwalimu wa sanaa. Huwafundisha wanafunzi habari za wale wachoraji wa Ulaya wa zamani waliojitazama kiooni wakajichora mashavu ya kijani na ya rangi ya chungwa bila haya. Nikasema na mimi, kabla sura hii haijaondoka, niiweke kwa rangi za mafuta. Nikatundika kioo dirishani, nikachora nilichokiona, uvimbe na vyote.

Mchana mama amefika kutoka Mkunya ili anisindikize. Ana nembo usoni, chale za mapambo alizochanjwa akiwa msichana, na kwake alama ya uso si mchezo. Nimempa shikamoo, ameitikia marahaba macho yakiwa tayari kwenye picha. Chai hakuigusa.

"Mama Zuhura," ameniita kwa jina la mwanangu, "unaumwa kushoto. Huku umeuweka kulia. Unauhamishia wapi?"

Nikamweleza habari ya kioo, kwamba kinageuza kushoto kuwa kulia.

"Anayepasuliwa kesho ni kioo au wewe? Ufute huo, mwanangu. Usimwonyeshe daktari palipo pazima."

Nikacheka, kisha kicheko kikanikauka. Nilijikuta nalipapasa shavu la kulia, mimi niliyesoma, kuhakikisha hakuna kitu. Umri wote huu sijawahi kuuona uso wangu jinsi mama anavyouona.

Kwa ukungu huu rangi haijakauka. Nikachukua kisu cha rangi, nikaanza kuukwangua ule uvimbe. Ulitoka laini, wekundu na kijani vikijikunja kwenye ncha. Mama, aliyetaka nifute, aligeukia ukutani.

Pamebaki kitambaa kitupu cha picha, doa jeupe tayani. Nilichovya brashi niuchore upande wake halisi, nikashindwa. Siwezi kujiwekea uvimbe tena kwa mkono wangu.

Mama amesogea karibu. Amenishika shavu, lile lenyewe, kwa kiganja kizima. Hajawahi kunigusa hapo tangu uvimbe uanze.

"Patabaki hivyo?" ameuliza, akiitazama picha.

Nimemwambia sijui. Kesho tutajua wote wawili.